Lambo la Monduli: tuta imara, utoro wa maji hautoshi

Alama: 3 kati ya 5. Kampuni iliyochimba lambo hili la mifugo katika tambarare za Monduli, mkoani Arusha, inajua kujenga tuta. Kujenga utoro, yaani njia ya kutolea maji yanayozidi, haijui.

Kwenye tuta ndiko malambo mengi huharibikia. Hapa walikwangua kwanza udongo wa juu wenye mizizi, sentimita 30 hivi, wakachimba mfereji wa msingi chini ya tuta zima mpaka kwenye udongo usiopitisha maji, wakaujaza mfinyanzi. Bila mfereji huo maji hupenya chini kwa chini, na udongo wenye majivu ya volkano hunywa maji upesi. Udongo ulimwagwa kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20, ukanyunyiziwa maji na kushindiliwa kwa roli la meno, yaani mtambo wenye gurudumu zito lenye meno. Unyevu unapimwa kwa mkono tu: sokota udongo uwe mwembamba kama penseli. Ukikatikakatika mapema ni mkavu; ukinata viganjani umezidi maji. Mteremko wa ndani ni 3 kwa 1 (mita 3 za mlalo kwa kila mita 1 ya kimo), wa nje 2.5 kwa 1, na juu pana upana wa mita 3. Nje pamepandwa ukoka, si miti. Ni sawa kabisa, kwani mizizi ya mti ikioza huacha vijia vya maji ndani ya tuta.

Sasa utoro wa maji. Una upana wa mita 4 tu, ilhali korongo linaloingia lina mita 9. Kizingiti chake kiko sentimita 40 chini ya kilele cha tuta. Tungetaka mita 1 kamili. Kibaya zaidi, umechongwa kwenye kifusi, yaani udongo uliojazwa. Masika yakija na mvua kubwa, maji yatapanda juu ya tuta, na tuta la udongo likishapitiwa juu hubomoka kwa saa chache. Utoro uhamishiwe pembeni, kwenye ardhi ambayo haijaguswa, upanuliwe na kupangwa mawe pale maji yanapoangukia.

Kina cha mita 3.5 kinaridhisha. Jua na upepo huku vinaweza kuondoa sentimita 15 hadi 20 kwa mwezi, kwa hiyo kuanzia Juni hadi Oktoba karibu mita 1 inapotea kabla ng'ombe hawajanywa.

Uzio hakuna, birika la kunyweshea mifugo hakuna. Ng'ombe wanaingia majini, wanakanyaga kingo na kuacha kinyesi. Bomba la kupeleka maji kwenye birika lilipaswa kulazwa wakati tuta linajengwa, likizungushiwa kola (pete pana) za zege, maana maji hupenda kufuata ubavu wa bomba. Maji ya mvua kwa kawaida huwa na floraidi kidogo kuliko ile inayosumbua visima vingi kuzunguka Mlima Meru, lakini ya kunywa lazima yachujwe na kuchemshwa.

Kampuni hutoza kwa saa za buldoza. Ninyi mnaochimbisha lambo, msikubali. Andikianeni malipo kwa mita ya ujazo ya udongo ulioshindiliwa, utoro na birika vikiwa ndani ya mkataba, na kibali cha bodi ya maji ya bonde (chombo cha serikali kinachosimamia maji ya eneo hilo) kipatikane kabla mtambo haujashushwa.