TAHADHARI: gari la hasara kamili linauzwa kama gari zima

Kuna wauzaji wanaonunua mabaki ya magari ya ajali kwenye minada, wananyoosha bodi, wanapiga rangi, kisha wanakuambia "liliguswa bampa tu". Bima hutangaza hasara kamili pale gharama ya matengenezo inapokaribia au kupita thamani ya gari. Kwa gari kuukuu hata mgongano wa wastani unatosha. Kwa gari la miaka mitatu, shuku chesisi iliyopinda, eabegi (mfuko wa hewa wa kukinga abiria) iliyofyatuka au maji ya mafuriko.

Thamani iliyopotea hairudishwi na rangi. Hata likitengenezwa vizuri, gari la aina hii kwa kawaida huuzwa asilimia 20 hadi 40 chini ya mwenzake safi, na baadhi ya kampuni hukataa kulikatia bima kubwa. Kwa hiyo anayekupunguzia asilimia 10 "kwa kuwa nina haraka" bado anakuuzia ghali.

Hila mbaya kuliko zote iko kwenye eabegi. Washa swichi bila kupiga injini: taa ya eabegi iwake sekunde chache, kisha izime. Isipowaka kabisa, huenda imechezewa. Ikizima pamoja na taa nyingine kwa wakati uleule, huenda waya zake zimeunganishwa na za taa hiyo ili kukudanganya. Ikifanya vizuri, usitulie bado, maana wengine hufunga rizista (kipande kidogo cha umeme) mahali pa eabegi iliyofyatuka na kompyuta inaamini ipo. Vuta mikanda ya mbele hadi mwisho usome tarehe kwenye lebo. Mkanda uliokwama, au mpya kuliko gari, unasema mengi.

Pima unene wa rangi paneli zote, paa pia. Rangi ya kiwandani huwa takriban mikroni 80 hadi 180 (mikroni 1,000 ni milimita moja). Ukiona zaidi ya 1,000, hapo kuna pati, yaani lipu ya kuziba mabonyeo ya bodi. Angalia boliti za boneti na madigadi kama zina alama za spana. Inua zulia, toa tairi la spea: matope, kutu kwenye reli za viti, na ukijani kwenye soketi za waya ni dalili za mafuriko, na umeme wa gari hilo utakusumbua miezi baadaye.

Namba ya chesisi ilingane na ya kwenye hati, na utafute historia yake kabla ya kutoa hata malipo ya kushikia gari. Muuzaji akikataa gari lipandishwe juu kwa fundi uliyemchagua wewe, mrudishie funguo.