Vidonge vya karotenoidi na saratani ya matiti: tathmini ya kilichomo na kinachodaiwa

Vidonge ninavyovitathmini hapa ni kapsuli laini za karotenoidi mchanganyiko, yaani rangi asilia za mimea kama ile ya chungwa iliyo katika karoti, za aina inayouzwa katika maduka ya dawa na mtandaoni bila cheti cha daktari. Jina la mtengenezaji silitaji, kwa kuwa madai yaliyochapishwa kwenye boksi lake yanafanana sana na yale ya kampuni nyingine zinazouza bidhaa kama hii, na kumtenga mmoja kusingekuwa haki. Upande wa mbele wa boksi kuna utepe wa rangi ya waridi, alama ambayo kila mwanamke anaihusisha na saratani ya matiti, na chini ya utepe huo kuna maelezo kwamba karotenoidi zinahusishwa na kupungua kwa hatari ya ugonjwa huo. Mwishoni mwa sentensi hiyo imewekwa kinyota, na anayekifuatilia hadi ubavuni mwa boksi, kwenye maandishi madogo yanayosomeka kwa shida, anaambiwa kwamba dai hilo linatokana na tafiti zilizopima kiwango cha karotenoidi katika damu.

Maandishi hayo madogo ndiyo yaliyonifanya niandike tathmini hii. Kama bidhaa ya kiwandani, vidonge hivi vimetengenezwa kwa uangalifu, na nitalieleza hilo bila kuwapunja wenyewe. Ama kuhusu kukinga saratani ya matiti, simshauri mwanamke yeyote avinunue kwa kusudi hilo, na anayevuta sigara namsihi asivitumie kabisa.

Kwanza kilichomo. Lebo inataja beta-karotini miligramu 15 kwa kila kapsuli, pamoja na viwango vidogo zaidi vya alfa-karotini, beta-kriptozanthini, likopeni, luteini na zeazanthini. Orodha hiyo imechaguliwa kwa ujuzi, kwa maana wanasayansi wameshatambua karotenoidi zaidi ya 600 katika maumbile, lakini hizo sita ndizo zinazopatikana kwa wingi katika damu ya binadamu. Nilipoipasua kapsuli moja kwa wembe, yalitoka mafuta mazito ya rangi ya chungwa iliyokolea kukaribia nyekundu, yakashika vidoleni, na maji matupu hayakuyaondoa mpaka nilipotumia sabuni. Ndivyo inavyopaswa kuwa, kwa sababu karotenoidi huyeyuka katika mafuta wala haziyeyuki katika maji, na maelekezo ya kumeza kidonge pamoja na mlo wenye mafuta kidogo ni sahihi kabisa. Kapsuli haina harufu, inamezeka kwa urahisi, na chupa yake ni ya rangi ya kahawia inayozuia mwanga, jambo la maana kwa kemikali zinazoharibika upesi zikipigwa na mwanga na hewa. Katika hayo yote sina la kulalamika.

Sasa tuje kwenye dai lenyewe, ambalo lina msingi wa kweli. Mwaka 2012 ulichapishwa uchambuzi uliounganisha takwimu za tafiti nane za kufuatilia wanawake kwa miaka mingi. Wanawake hao walitolewa damu wakiwa wazima, damu ikahifadhiwa, kisha wakafuatiliwa ili ijulikane nani atapata saratani ya matiti na nani hataipata. Wagonjwa 3,055 walilinganishwa na wanawake 3,956 ambao hawakuugua. Wale waliokuwa katika moja ya tano ya juu kwa kiwango cha jumla cha karotenoidi katika damu walionekana kuwa na hatari iliyo pungufu kwa takribani asilimia 19 kuliko waliokuwa katika moja ya tano ya chini. Yaani ikiwa kundi la chini lilitoa wagonjwa 100, kundi la juu lenye wanawake idadi ileile lingetoa kama 81. Kwa likopeni peke yake tofauti ilikuwa asilimia 22, na kwa beta-karotini asilimia 17.

Jambo lililonivutia zaidi katika uchambuzi huo halimo kwenye boksi hata kidogo. Saratani ya matiti si ugonjwa wa namna moja. Uvimbe mwingine una vipokezi vya homoni ya estrojeni na hukua kwa kuchochewa na homoni hiyo, na mwingine hauna vipokezi hivyo. Uhusiano na beta-karotini ulikuwa na nguvu zaidi kwa uvimbe usio na vipokezi, ambapo hatari katika kundi la juu ilikuwa karibu nusu ya ile ya kundi la chini. Uchambuzi mwingine wa mwaka huohuo, uliounganisha tafiti 18 zenye wanawake zaidi ya milioni moja na kuangalia walichokula badala ya kilichomo katika damu, ulikuta mwelekeo unaofanana: ulaji mkubwa wa alfa-karotini, beta-karotini na luteini pamoja na zeazanthini ulikwenda sambamba na uchache wa uvimbe usio na vipokezi vya estrojeni, wala haukuonyesha tofauti ya maana kwa uvimbe wenye vipokezi. Watafiti wanadhani kwamba pale ambapo estrojeni ndiyo inayoongoza ukuaji, nguvu yake hufunika mchango mdogo wa chakula. Hili ni jambo zito, kwa sababu uvimbe usio na vipokezi hautibiki kwa dawa za kuzuia homoni kama tamoxifen, na dawa hizohizo zinazotumika kuwakinga wanawake walio katika hatari kubwa hazipunguzi aina hiyo ya uvimbe. Mtengenezaji anayejali wateja wake angewaeleza kwamba matumaini yaliyopo yanahusu sehemu ndogo ya saratani za matiti, si zote.

Hata hivyo, kasoro kubwa ya dai iko kwingine. Katika chambuzi hizo mbili hakuna hata mmoja uliowapa wanawake vidonge ili kuona kitakachotokea. Kilichopimwa ni damu au chakula, na karotenoidi zilizo katika damu ni alama ya mambo mengi kwa pamoja. Mwenye kiwango cha juu kwa kawaida hula mboga na matunda mengi, na pamoja nayo hupata nyuzinyuzi, foleti, vitamini C na kemikali nyingine za mimea ambazo hakuna aliyezipima. Uvutaji wa sigara hushusha kiwango hicho. Unene nao hukishusha, kwa kuwa karotenoidi hujificha katika mafuta ya mwili, na unene wenyewe baada ya ukomo wa hedhi huongeza hatari ya saratani ya matiti. Watafiti hujitahidi kuyatenganisha mambo haya kwa hesabu, na wale ninaowazungumzia walijitahidi, lakini hakuna hesabu inayoweza kuyaondoa yote. Kwa hiyo kumwambia mwanamke kwamba damu yenye karotenoidi nyingi huambatana na hatari ndogo ni kusema kweli. Kumwambia, kwa ushahidi huohuo, anunue karotenoidi ndani ya chupa ni kuruka hatua ambayo sayansi ilikwisha kuijaribu na ikashindwa kuivuka.

Imejaribiwa kweli, na ndiyo sababu naona ukimya wa boksi hauvumiliki. Nchini Ufini, wanaume 29,133 waliokuwa wakivuta sigara waliingizwa katika jaribio ambalo baadhi yao walipewa miligramu 20 za beta-karotini kila siku. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 1994 yalionyesha kwamba waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao. Nchini Marekani, jaribio la CARET liliwahusisha watu 18,314, wakiwamo wavutaji, waliokwisha kuacha sigara na wafanyakazi waliowahi kuvuta vumbi la asbesto, na sehemu yao walipewa miligramu 30 za beta-karotini pamoja na vitamini A. Lilisimamishwa mwezi Januari 1996, miezi 21 kabla ya muda wake, baada ya saratani ya mapafu kuongezeka kwa asilimia 28 na vifo kwa asilimia 17 katika kundi lililokuwa likipewa vidonge. Majaribio yote mawili yalianzishwa na watu waliosoma tafiti za damu na za chakula kama hizi zinazotajwa ubavuni mwa boksi letu, wakatarajia kuokoa maisha.

Msomaji anaweza kusema kwamba hayo yalihusu mapafu na sigara, nasi tunazungumzia matiti. Basi tuangalie jaribio kubwa la wanawake lililofanyika Marekani, ambapo wanawake 39,876 wenye umri wa miaka 45 na kuendelea waligawanywa kwa kura, nusu wakapewa miligramu 50 za beta-karotini siku moja baada ya nyingine na nusu wakapewa vidonge visivyo na dawa. Kulikuwa na wagonjwa wa saratani za aina zote 378 katika kundi la beta-karotini na 369 katika kundi jingine, tofauti ambayo haina maana yoyote kitakwimu. Ni haki kuongeza kwamba sehemu hiyo ya jaribio ilikatishwa baada ya kama miaka miwili tu, na miaka miwili ni muda mfupi kwa ugonjwa unaochukua miaka mingi kujijenga. Kwa sababu hiyo sisemi kwamba imethibitishwa kuwa beta-karotini haiwezi kamwe kusaidia matiti. Ninachosema ni kwamba hakuna jaribio lililoonyesha kwamba kidonge kinasaidia, yapo mawili yaliyoonyesha kwamba kinadhuru baadhi ya watu, na mwaka 2022 jopo la Marekani linalotoa mapendekezo ya huduma za kinga lilishauri waziwazi kwamba beta-karotini isitumike kuzuia saratani wala magonjwa ya moyo.

Inafaa pia kueleza kwa nini miligramu 15 za kwenye kapsuli si sawa na miligramu 15 za kwenye sahani, kwa sababu kipeperushi kilichomo ndani ya boksi kinalinganisha kapsuli moja na karoti tatu na kuishia hapo. Kwa uzito ulinganisho unakaribia ukweli, kwa kuwa karoti moja ya wastani ina karibu miligramu 5 za beta-karotini. Lakini ndani ya karoti, beta-karotini imefungiwa katika kuta za chembe za mmea na mwili huitoa kidogokidogo, ilhali katika kapsuli imeshayeyushwa katika mafuta tayari kufyonzwa. Wataalamu wa lishe hukadiria kwamba inahitajika mikrogramu 12 za beta-karotini ya chakula ili mwili upate mikrogramu 1 ya vitamini A, na mikrogramu 2 tu ikiwa imetoka kwenye kidonge chenye mafuta. Tofauti hiyo ya mara sita ndiyo inayoufanya mwili ukutane na kiwango ambacho mlo wa kawaida haukifikishi, na katika mapafu ya mvutaji, ambako moshi huichoma beta-karotini na kuigeuza kuwa kemikali nyingine, inadhaniwa kwamba wingi huo ndio unaoleta madhara.

Kwa hiyo anayetaka faida ile iliyoonekana katika tafiti za damu aipate kwa njia waliyoipata wanawake wale: karoti, boga, viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa, mboga za majani za kijani kilichokolea, na nyanya zilizopikwa na mafuta kidogo, kwa sababu moto huilegeza likopeni na mafuta huibeba. Wala asitarajie makubwa. Shirika la World Cancer Research Fund liliweka uhusiano wa vyakula hivi na saratani ya matiti katika daraja la ushahidi mdogo unaoelekeza tu, wakati madhara ya pombe kwa ugonjwa huohuo yamo katika daraja la ushahidi thabiti. Mwanamke anayekunywa pombe kila siku angepata kinga ya uhakika zaidi kwa kuipunguza kuliko kwa kidonge chochote.

Dogo lililobaki ni rangi ya ngozi. Anayetumia vidonge hivi kwa muda mrefu anaweza kuona viganja na nyayo vikigeuka rangi ya manjano inayokaribia chungwa. Hali hiyo haina madhara, huisha kiwango kikishuka, na hutofautiana na umanjano wa ugonjwa wa ini kwa kuwa weupe wa macho haubadiliki. Kipeperushi kimelieleza hili vizuri, kwa lugha nyepesi.

Kipeperushi hichohicho, hata hivyo, hakina neno moja kuhusu sigara. Mwaka 2022 pekee wanawake milioni 2.3 duniani waligunduliwa kuwa na saratani ya matiti na 670,000 walifariki kwayo. Mwenye hofu ya ugonjwa huo ananunua kwa moyo wake wote, na miongoni mwao wamo wanaovuta. Naipa bidhaa hii nyota mbili kati ya tano, zote kwa ajili ya ubora wa utengenezaji. Katika toleo lijalo la boksi natamani utepe wa waridi uondolewe, sentensi iliyo chini yake iseme kwamba tafiti zilihusu damu na chakula wala si vidonge hivi, na onyo kwa wavutaji wa sasa, waliokwisha kuacha na waliowahi kufanya kazi penye asbesto lichapishwe mbele, kwa herufi zenye ukubwa uleule wa jina la bidhaa. Mwanamke ambaye tayari yuko katika matibabu ya saratani naye aelekezwe kwenye kipeperushi amwambie daktari wake kabla ya kumeza kapsuli ya kwanza.