Picha ubavuni mwa boti: stika ipi ununue Kampala, ipi uiache dukani

Kabla hujapanda teksi kwenda Nasser Road, mtaa wa wachapaji wa Kampala, na picha zako ndani ya simu, shuka mwaloni upitishe kiganja kwenye ubavu wa chombo chako. Ubavu huo ndio unaoamua ununue nini. Ukiwa wa faibaglasi au aluminiamu, laini toka mbele hadi nyuma, stika karibu zote zitashika. Utachagua kwa mfuko wako. Ukiwa wa mbao zenye viungo, vichwa vya misumari na rangi iliyopakwa juu ya rangi, kama zilivyo boti nyingi za Ntoroko, Butiaba na Panyimur kwenye Ziwa Albert, basi vingi utakavyoonyeshwa dukani havikufai, hata vile vya bei ya juu.

Mafundi wengi watakuuliza jambo moja tu: mita ngapi? Wewe uliza aina ya vinaili, ile plastiki nyembamba yenye gundi ambayo picha huchapwa juu yake. Zipo tatu, na zikiwa ukutani dukani zote zinang'aa sawasawa.

Chaguo langu la kwanza kwa boti ya faibaglasi ni vinaili ya polimeri iliyofunikwa kwa laminesheni, utando angavu wa kulinda picha, ya aina hiyohiyo. Unene wake ni kama maikroni 70, haisinyai ovyo, inakubali mpindo wa kawaida wa ubavu, na ikibandikwa vizuri inakaa miaka kadhaa. Mwambie fundi akuonyeshe boksi la roli ya vinaili au maandishi ya nyuma ya karatasi. Ukikuta ORAJET 3551, kwa mfano, hiyo ni polimeri. Ukikuta ORAJET 3640, umepewa monomeri, tutaifikia. Boti ikiwa ya rangi nyeusi au buluu iliyokolea, dai yenye gundi ya kijivu, la sivyo rangi ya chini itapenya na uso wa bibi harusi utaonekana umepakwa masizi.

Ya pili ni kasti, na kwa ubora ndiyo inayoongoza. Ni nyembamba, maikroni 50 hivi, inalala kwenye mikunjo na mifereji bila kuinuka tena. 3M IJ180 na Avery MPI 1105 ni za kundi hili. Nimeishusha nafasi moja kwa ajili ya bei: inazidi ile ya monomeri mara kadhaa, na inadai fundi anayejua kuipasha moto baada ya kubandika. Kama boti yako ni ya kubeba watalii kutoka Entebbe kwenda visiwa vya Ssese na ina mapindo mengi mbele, lipa tu. Kama ni ya kubebea abiria na magunia, fedha hizo zitafaa zaidi kwenye injini.

Sasa wenye mbao, ambao ndio wengi. Msibandike picha moja kwa moja kwenye ubao. Mbao zinavuta maji na kuyatoa, zinavimba na kusinyaa, na viungo vinacheza kila wimbi linapopiga. Gundi haiwezi kuvumilia hayo. Dawa yake ni kubandika picha kwenye kipande cha alukobondi, lile bao jembamba la mabango ya maduka, kisha kulifunga kwa skrubu zisizoshika kutu juu kabisa ya ubavu, ambako maji hayafiki hata boti ikiwa imejaa. Hapo polimeri inatosha, maana bao ni bapa. Boti ikienda kukalafatiwa, yaani kuzibwa viungo, unafungua skrubu na kuliweka bao kando. Na ukitaka jina tu au nembo ya Arsenal, mpe kazi fundi wa brashi. Rangi ya mafuta inaendana na mbao, na ikichakaa unapaka tena hapohapo mwaloni bila safari ya Kampala.

Monomeri ni ya bei nafuu na ndiyo utakayopewa usipouliza. Inafaa kampeni, harusi, au mashindano ya mwisho wa wiki. Kwenye jua letu la ikweta itasinyaa, pembeni patabaki ukanda wa gundi unaonasa uchafu, na kuibandua ikishakauka ni kazi ya kucha. Fleksi ya mabango usiiguse: haina gundi, na ukiipigilia misumari upepo utaichana. Karatasi ya stika iliyotolewa na printa ndogo ya studio nayo iache. Wino wa aina hiyo ukilowa unatiririka.

Laminesheni si anasa. Jua hupausha njano na rangi ya waridi kwanza, na ngozi ya mtu huchapwa zaidi kwa hizo. Ndiyo maana picha za watu zisizofunikwa hugeuka buluu kama za maiti, wakati ziwa na anga nyuma yao bado vinapendeza. Kama mashine ya fundi inatumia wino wa solventi, yaani wenye kiyeyushi kinachotoka kama mvuke, picha ilale siku nzima ikipumua kabla ya kufunikwa. Akikuambia "njoo baada ya saa moja", ujue mvuke utafungiwa ndani na kingo zitajikunja. Wino wa lateksi hauna kungoja huko.

Picha yenyewe isitumwe kwa WhatsApp kama picha, inapunguzwa. Itume kama dokumenti au ibebe kwenye flashi. Simu ya megapikseli 12 hutoa picha ya nukta 4000 kwa upana. Ukichapa kwa nukta 100 kila inchi, unapata mita moja, na mtu aliyesimama nchi kavu hataona kasoro. Ukiitaka ya mita tatu kutoka picha hiyohiyo, nyuso zitaanza kuvunjika ukisogea karibu.

Siku ya kubandika, chagua asubuhi, kivulini. Osha kwa sabuni, suuza, kausha, kisha futa kwa spiriti ili nta na mafuta ya samaki yatoke. Rangi mpya isubiri ikauke mpaka ndani. Jaribu kipande kidogo cha stika juu yake kwa siku moja. Kikitoa mapovu, ongeza siku. Kama picha ni ya vipande, anza nyuma ukielekea mbele, cha mbele kikilalia cha nyuma kama mabati, ili maji yanayokimbilia nyuma yasipate mdomo wa kuingilia. Usishuke chini ya mstari wa maji, na usisogelee pale unapojazia petroli, kwa sababu petroli ikimwagika inalegeza gundi.

Namba ya usajili au leseni iachie nafasi yake pande zote mbili, isifunikwe wala isichorwe upya kwa mtindo wa mapambo. Wanaokagua boti ziwani wanaisoma kutoka mbali. Mpe fundi vipimo vya sehemu hiyo kabla hajapanga picha, maana ukishachapa hakuna kusogeza.