Naadam kwa Kifurushi cha Wakala wa Dar: Kiti Kizuri, Ratiba Mbovu

Wakati wakazi wa Dar es Salaam wakiwa bado wanamiminika kwenye maonyesho ya Sabasaba, Mongolia huwa katika sikukuu yake kubwa ya kiangazi, Naadam, inayofanyika jijini Ulaanbaatar kuanzia tarehe 11 Julai kwa mieleka, mbio za farasi na kulenga shabaha kwa upinde. UNESCO iliingiza tamasha hilo katika orodha yake ya urithi wa utamaduni mwaka 2010. Nilikwenda kwa kifurushi nilichouziwa na wakala mmoja wa safari mwenye ofisi maeneo ya Posta, na ninayemtathmini hapa ni wakala huyo.

Siku ya ufunguzi aliifanya vizuri. Kiti kilikuwa upande wenye kivuli, mahali ambapo tuliwaona vizuri wapanda farasi wakiingiza uwanjani zile bendera tisa nyeupe za manyoya ya farasi, na mwongozaji tuliyepewa aliijua mieleka kwa undani. Hushindana wanamieleka 512 katika raundi tisa, bila kugawanywa kwa uzito, hivyo kijana mwembamba anaweza kukutana na jitu lenye uzito mara mbili yake. Sehemu yoyote ya mwili isipokuwa nyayo na viganja ikigusa majani, mtu ameshindwa. Hapo hupita chini ya mkono wa mshindi kwa heshima, naye mshindi hutanua mikono na kuzunguka polepole akiigiza ndege anayeruka. Bila mwongozaji yule, ningeona tu wanaume wenye koti lililo wazi kifuani wakishikana mabega kwa muda mrefu.

Siku ya farasi ndiyo iliyoharibika. Mbio hizo hufanyika Khui Doloon Khudag, zaidi ya kilomita 30 kutoka jijini, na masafa yake hutegemea umri wa farasi: kama kilomita 10 kwa wa miaka miwili, na zaidi ya 20 kwa wakubwa. Farasi hupelekwa kwanza hadi mahali pa kuanzia mbali nyikani, kisha hukimbia kurudi wakiongozwa na watoto, kwa hiyo mtazamaji huona dakika chache za mwisho tu. Basi letu liliondoka hotelini baada ya kifungua kinywa cha starehe, likanasa kwenye msururu wa magari, na tulipofika tulikuta watu wamemzunguka farasi aliyeshinda, wakigombea kumgusa jasho lake kwa kutafuta baraka. Nilipolalamika baada ya kurejea, nilijibiwa kwa upole kwamba kulikuwa na foleni, kana kwamba mtu anayeishi Mbagala anahitaji kufundishwa kwamba foleni hukwepwa kwa kuamka alfajiri.

Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba upinde haukuwamo kabisa kwenye ratiba, ingawa uwanja wake uko jirani na uwanja mkuu. Nilikwenda mwenyewe. Wanaume hulenga kutoka mita 75 na wanawake kutoka mita 65, shabaha zikiwa vikopo vidogo vya ngozi vilivyopangwa chini, na waamuzi husimama karibu navyo bila wasiwasi wowote, wakiinua mikono na kuimba mshale unapopiga sawasawa. Ningeweza kukaa pale mchana kutwa.

Chakula cha uwanjani mtu hujilipia. Khuushuur ni kama sambusa iliyobanwa ikawa bapa, yenye nyama ya kondoo, isiyo na pilipili wala bizari. Huliwa ingali moto, na mafuta hutiririka hadi kiwikoni. Airag, yaani maziwa ya farasi yaliyochachuliwa, ina kileo kidogo, jambo ambalo wakala alipaswa kuwaeleza mapema wateja wasiotumia kileo.

Kwa bei aliyotoza, kifurushi hiki nitakinunua tena endapo tu saa ya kuondoka kwenda kwenye mbio itaandikwa katika mkataba, na iwe kabla ya mapambazuko. Asipokubali, ni bora kumlipa kwa ndege, hoteli na tiketi ya ufunguzi pekee, kisha kukodi gari kule kule pamoja na wasafiri wengine.