Dari nyeusi ya mbao imekuwa nyeupe: uzoefu wangu, Forest ya Zamani, Mbeya

Kama nyumba yako ni ya zamani, ina giza, na pesa inatosha kazi moja tu, anza na dari. Kuta zitasubiri. Nasema hivi baada ya fundi rangi kumaliza nyumba tunayoishi hapa Forest ya Zamani. Nimeridhika kabisa, ingawa lipo jambo moja la kulalamikia.

Nyumba hizi mnazijua: tofali za kuchoma, kuta nene, madirisha madogo kwa sababu ya baridi, na nusu ya chini ya ukuta imepigwa rangi ya mafuta ya kijani. Dari yetu ni mbao za paini zilizopakwa vanishi, moshi wa kuni na mkaa ukazimalizia kuwa nyeusi. Tena sebule inaangalia kusini. Juni na Julai jua linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo chumba cha nyuma kinachotazama mlima Loleza, kaskazini, kinapata jua lote, huku sebuleni tunawasha taa mchana kweupe.

Fundi wa kwanza kuja kuangalia kazi alitaka kupaka rangi ya maji moja kwa moja juu ya mbao. Wa pili, kijana tuliyeelekezwa na jirani, alikataa. Alichovya brashi, akapaka kipande kidogo pale konani, akasema tukiangalie kesho yake. Asubuhi ile nyeupe ilikuwa na madoa ya rangi ya chai ya rangi. Masizi na vanishi vinayeyukia kwenye rangi ya maji na kupanda juu, hata ukirudia mara ngapi. Hapo hapo nikampa kazi.

Aliosha dari kwa maji ya moto na sabuni ya unga, akasuuza, akaiacha ikauke. Akapiga msasa mpaka mng'ao wa vanishi ukakatika. Kisha praima ya mafuta, yaani rangi ya msingi inayozuia madoa yasipande, na kwenye vifundo vya mbao akarudia, maana paini hutoa utomvu. Mwisho ndipo ikaja rangi ya maji nyeupe isiyong'aa, mikono miwili, yaani tabaka mbili. Praima inauma mfukoni, lakini msikubali irukwe. Kazi yote iko pale.

Kuta tulipaka krimu, hadithi fupi. Mahali pa balbu za zamani za wati 60 tumeweka LED za wati 9, mwanga ni ule ule karibu. Chagueni zilizoandikwa 3000K, zenye unjano kidogo. Zile za 6500K ni nyeupe ya ubluu, na kwa baridi ya Mbeya chumba kinaonekana kama kimezidi kupoa.

Lalamiko langu ni harufu. Praima ya mafuta kwenye baridi inachelewa kukauka, na usiku huwezi kuacha madirisha wazi. Mama mkwe ana pumu, ikabidi ahamie kwa wifi yangu. Fundi alipaswa kutuambia mapema tujipange. Mwenye mgonjwa au mtoto mchanga ndani asubiri Septemba au Oktoba, joto likianza na mvua hazijaja.

Korido bado. Ukuta wake mmoja unavuta unyevu kutoka chini, na fundi amesema hapaki chochote pale mpaka mfereji wa nje uchimbwe na ukuta ukauke. Namwamini.