Kliniki za TB Dar kwa mgonjwa wa kijijini: dawa alama 5 kwa 5, makabidhiano ya mgonjwa kati ya vituo alama 2 kwa 5

Dawa zenyewe hazina la kulalamikiwa. Kidonge kimoja cha awamu ya kwanza kimebeba nne: rifampisini miligramu 150, isoniazidi 75, pirazinamidi 400 na ethambutoli 275. Humezwa kila siku kwa miezi 2, halafu inafuata miezi 4 ya rifampisini na isoniazidi tu. Zote hutolewa bure katika vituo vya umma. Mkojo kugeuka rangi ya chungwa ni kawaida. Ambaye wake haubadiliki kabisa aulizwe, kwa upole, vidonge vinaishia wapi.

Kipimo cha GeneXpert nacho kinastahili sifa: ndani ya saa 2 hivi mashine inasema kama kuna vimelea na kama vimekuwa sugu kwa rifampisini. Ila katriji ya kawaida (kikasha cha sampuli kinachoingizwa kwenye mashine) haigusi isoniazidi. Jibu la "hakuna usugu" lisomwe hivyo, nusu nusu.

Huduma inaanza kulegea mgonjwa anapopata nafuu. Mtu mzima aliyetoka Mkuranga, Kibiti au Rufiji, akafikia kwa ndugu Mbagala, baada ya wiki chache anakula vizuri, homa imekata, na shamba linamsubiri. Kurudi kwao si kosa. Kosa ni kumpa karatasi ya uhamisho mkononi na kumwacha aende. Kituo kinachomwachia kinapaswa kukipigia simu kile kinachompokea kabla hajapanda basi, kumpa dawa za kumtosha njiani na siku za mwanzo, kisha kuuliza tena kama kweli amefika. Simu hiyo isipopigwa, daftari la Dar linasema amehama na daftari la kijijini halina jina lake.

Na wakati huo ndio mbaya kuliko wote. Makohozi hurudiwa mwishoni mwa mwezi wa 2, wa 5 na wa 6, kwa hadubini. (GeneXpert haifai hapa, kwa sababu huokota hata mabaki ya vimelea vilivyokufa.) Kipimo cha mwezi wa 2 kinamkuta mgonjwa katikati ya vituo viwili, hivyo ni rahisi kurukwa. Kikionyesha bado kuna vimelea, tiba haijashindwa, lakini sampuli ichunguzwe usugu. Vikionekana mwezi wa 5, tiba imeshindwa. Tena yaletwe makohozi ya alfajiri, si mate. Aliyekwisha acha kukohoa huleta mate, akapewa jibu zuri lisilo na maana.

Mizani ipo kila kliniki, na haitumiki ipasavyo. Wa kilo 40 hadi 54 humeza vidonge 3, wa 55 hadi 70 humeza 4. Aliyeanza na kilo 52 akanenepa hadi 57 aongezewe kidonge, la sivyo anaendelea na dozi ya mtu mwembamba.

Tiba isipoitikia, wengi hukimbilia kusema ni TB sugu. Huenda ikawa hivyo, ila sababu nyingine ziko karibu zaidi. Dawa humezwa tumbo tupu, saa moja kabla ya kula. Chakula kizito na dawa za kiungulia hupunguza kinachoingia mwilini. Tumbo likichafuka, bora kula kidogo kuliko kuruka dozi. Mnazi na gongo huumiza ini na huvuruga ratiba. Kisukari kisichodhibitiwa huchelewesha kupona, kwa hiyo sukari ipimwe. Mwenye VVU anayetumia dawa ya VVU iitwayo dolutegravir, miligramu 50 mara moja kwa siku, anahitaji mara mbili, maana rifampisini huipunguza mwilini, hadi wiki 2 baada ya kumaliza rifampisini. Hili likisahauliwa kwenye makabidhiano, VVU ndivyo vinavyopata mwanya.

Ganzi miguuni hutibiwa kwa vitamini B6, si sababu ya kuacha dozi. Macho kuwa ya njano ni jambo jingine: dawa zisimame na mgonjwa afike kituoni siku hiyo hiyo.

Anayeondoka Dar aombe nakala ya kadi yake, uzito wa siku hiyo ukiwa umeandikwa, tarehe ya makohozi yanayofuata, na namba ya mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya anakokwenda. Namba hiyo aijaribu akiwa bado kliniki.