Kamera ya kuvaa: ipi ununue kama unataka tuone kwa macho yako

Video yangu ya kwanza ya kamera ya kuvaa ilikuwa ya mama mdogo akipika chapati. Nilimfunga kamera kichwani kwa mkanda, nikaiwasha, nikatoka jikoni nisimkere. Baada ya dakika ishirini nikarudi kuchukua mzigo wangu. Nilikuta chapati mbili, halafu dari, mlango, uso wa jirani aliyekuja kuomba chumvi, mlango tena, dari tena. Mikono ya mama mdogo inaijua kazi kiasi kwamba macho yake yako huru kupiga soga. "Sasa chapati zangu ziko wapi, mwanangu?" akaniuliza tulipoitazama.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza anunue kamera gani, mimi humuuliza kwanza ataivaa wapi. Ukiivaa kichwani tunaona unachotazama. Ukiivaa kifuani tunaona mikono yako inafanya nini. Ukiwa kwenye bodaboda, ibandike kidevuni mwa helmeti: tutaona barabara na usukani pamoja, na ukigeuza shingo tunageuka nawe. Fundi cherehani, muuza mishkaki, mama ntilie, mvuvi anayetega ndoano, wote hao ni watu wa kifuani. Ielekeze juu kidogo, la sivyo ukiinama utarekodi tumbo.

Bei ninazotaja ni za dola za Marekani siku bidhaa ilipotoka. Usafiri, ushuru na faida ya muuzaji wa Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli, Nairobi, vinakuja juu yake.

Ya kwanza: DJI Osmo Action 4. Ilitoka 2023 kwa dola 299. Naiweka juu kwa sababu ya giza. Jikoni kwetu kuna dirisha moja na taa moja, vichochoro vya Mji Mkongwe havioni jua hadi adhuhuri, na nusu ya hadithi nzuri za mjini huanza baada ya magharibi. Kihisi picha cha kamera hii kina ukubwa wa inchi 1/1.3, kikubwa kuliko cha GoPro, na kwenye mwanga hafifu tofauti inaonekana hata kwenye simu. Inanasa kwenye mkanda kwa sumaku na vibanio, kwa hiyo unaihamisha kutoka kifuani kwenda helmeti bila kufungua skrubu. Inaingia majini mita 18 bila kasha.

Sababu ya pili ni sauti, na hapa nitakaa kidogo. Mtazamaji husamehe picha inayotikisika, lakini sauti mbovu huikimbia ndani ya sekunde tano. Kamera ya kifuani husugua nguo. Kanga ikiigusa, utasikia kama mtu anachana magunia. Barabarani upepo unameza kila neno. Action 4 inaungana moja kwa moja na maiki isiyo na waya ya DJI Mic 2 bila kipokezi. Ukiibana ndani ya kola, au ndani ya helmeti karibu na shavu, tunasikia pumzi yako, na hapo ndipo mtu anapoamini kwamba yuko ndani ya kichwa chako. Fedha ikibaki, nunua maiki kabla ya kufikiria kamera kubwa zaidi.

Mdogo wake, Osmo Action 5 Pro wa 2024 (dola 349), ana betri inayodumu zaidi na hifadhi ya ndani ya GB 47, jambo la kushukuru siku umesahau kadi nyumbani. Kwa picha za mchana sijaona cha kunifanya niuze ya zamani.

Ya pili: Insta360 GO 3S. Gramu 39, ukubwa wa kidole gumba. Unavaa kidani chenye sumaku ndani ya shati, kamera inajibana kwa nje. Baada ya dakika tano aliyeivaa amesahau, na mtu aliyesahau kamera ndiye anayesimulia vizuri. Mama mdogo sasa anatumia hii. Ubaya wake: ikiwa peke yake, betri inakaa kama dakika 38, kisha lazima irudi kwenye kitako chake cha kuchajia. Haina tundu la kadi, hivyo unaamua siku ya kununua kama unataka GB 64 au 128, chukua 128. Kamera inavumilia maji mita 10, ila kitako chake usikitose. Na mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asivae sumaku hiyo kabisa. Ilitoka 2024, kuanzia dola 399, ghali kwa kitu kinachoweza kupotea kwenye mfuko wa suruali.

Ya tatu: GoPro HERO13 Black au HERO12. Watu wengi huita kamera yoyote ya aina hii "gopro", na jina hilo halikuja bure. Inatuliza mtikisiko vizuri sana hata kwenye matuta na mashimo ya barabara ya vumbi, na mikanda na vishikizo vyake vinapatikana kila mahali. Lakini ukiiwasha juani huku umetulia, bila upepo, inachemka. Angalia pia betri: ya HERO13 ina umbo lake, haibadilishani na ya HERO12, na wauzaji huchanganya. Kwa mtumba, fungua kifuniko cha betri ukague mpira wa kuzuia maji, na betri ikiwa imevimba ondoka.

Ya nne: simu yako, na mkanda wa kifuani. Anza hapa kama hujui utasimulia nini. Usiifunge tu kwenye usukani wa pikipiki: mwaka 2021 Apple yenyewe ilionya kwamba mtetemo wa injini kubwa unaweza kuharibu kamera ya iPhone. Kifuani, mwili unaumeza mtetemo.

Ya tano: Ray-Ban Meta, miwani yenye kamera ndani ya fremu. Ilitoka 2023, kuanzia dola 299. Hakuna kilicho karibu na jicho kuliko hii. Hata hivyo inarekodi vipande vya dakika tatu tu, picha imesimama wima, na wengi hawakitambui kitaa kidogo kinachowaka unaporekodi. Google Glass, miwani ya kamera ya Google, ilichukiwa kwa jambo hilohilo miaka kumi kabla. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, Tanzania tangu 2022, na sokoni watu hawasubiri sheria. Mimi husema kwanza, "Nina kamera hapa," nikiigusa. Miwani inakufanya uonekane mwizi hata ukiwa mwema.

Kamera za nyuzi 360 nimeziacha. Kusimulia kwa jicho lako ni kuchagua pa kutazama, na zile hukupa kila pahali, kisha zinakudai kompyuta yenye nguvu. Zile za bei ya chee zilizoandikwa 4K (yaani picha kubwa na kali) kwenye boksi zikwepe. Nyingi hupanua picha ndogo tu.

Ukishanunua, weka mpangilio wa hezi 50, fremu (picha) 25 au 50 kwa sekunde, kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50. Ukiiacha 60, taa za mirija zitapiga mistari kwenye video.

Halafu kadi. Video ya 4K ya megabiti 100 kwa sekunde hula GB 45 kwa saa, kwa hiyo chukua GB 128 yenye alama ya kasi V30. Feki zimejaa, kadi inasema 128 huku ndani ina 16, na unagundua harusi imeshakwisha. Mimi huenda dukani na kompyuta mpakato yenye H2testw, programu ya bure inayoijaza kadi na kuisoma tena. Inachukua muda. Mara ya mwisho muuzaji alinipa kiti, akanitazama kama dakika kumi, kisha akaichomoa kadi mwenyewe. "Hiyo acha, kaka. Ngoja nikuletee nyingine."